Las Vegas kwa gari, peke yako, kwenye joto la Julai: mwongozo kamili toka Los Angeles

Nimeshaendesha toka Los Angeles mpaka Las Vegas nikiwa peke yangu mara nne, zote kati ya mwezi wa sita na wa nane, na kila nikirudi lazima kuna mtu ananipigia anauliza ndugu yangu ulifanyaje, gari lilikuwa gani, ulilala wapi, pesa zilitosha. Mwaka huu mdogo wangu ndo anaenda, kwa hiyo nimeamua niandike yote kwa pamoja, na wengine mtafaidika.

Kabla ya hatua yoyote shika hili moja. Maamuzi yote makubwa yafanyie nyumbani, umekaa kitandani, umeshiba, kichwa kimetulia. Utaondoka saa ngapi, utacheza shilingi ngapi, utarudi siku gani, gari likichemka utafanya nini. Yaandike kwenye karatasi kabisa. Maana ukiwa peke yako hamna wa kukushika mkono akakwambia "bas, inatosha," na kichwa cha saa nane mchana pale Baker, kamji ka jangwani njiani, au cha saa tisa usiku mezani kasino sio kichwa cha kuamulia kitu.

Hatua ya 1: Lielewe joto lenyewe

Sisi tuliokulia Dar tunajidanganya kwamba jua tumelizoea. Joto la pwani lina unyevu, unaloa mpaka shati linaganda mgongoni, kwa hiyo unajua kabisa mwili unapoteza maji. Jangwa la Mojave ni kavu, jasho linakauka hata kabla hujaliona, ngozi iko kavu na unajiona uko sawa tu, kumbe mwili unaishiwa maji taratibu, unakuja kushtuka kichwa kinagonga na mkojo umekuwa rangi ya chai. Tarehe 7 Julai 2024 Las Vegas ilifika nyuzi 120 za Fahrenheit, ambazo ni karibu 49 za Selsiasi, ndo rekodi ya mji ule. Na usiku usitegemee upoe kama Arusha, saa sita usiku unaweza ukakuta bado ni zaidi ya 30.

Kwa hiyo kunywa maji kabla ya kiu, na changanya na vitu vya chumvichumvi, karanga, biskuti za chumvi, au ule unga wa kurudisha maji mwilini. Ukianza kusikia kizunguzungu, kichefuchefu, misuli inakaza, toka barabarani uingie sehemu yenye AC haraka. Mtu akianza kuchanganyikiwa, anaongea visivyoeleweka na mwili unawaka moto, hiyo sio ya kupumzika kivulini, piga 911, namba ya dharura.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Ijumaa mchana usiende. Jumapili usirudi. Barabara ni moja, I-15, na karibu kusini yote ya California inaitumia, Jumapili jioni safari ya masaa manne inaweza kukula masaa saba au manane, foleni iko jangwani na jua linakuangalia. Wikiendi za sikukuu kama ile ya tarehe 4 Julai ndo kabisa usiguse. Mimi naenda Jumatatu au Jumanne narudi Alhamisi, na hoteli nazo siku hizo bei inashuka sana, chumba kilekile cha Jumamosi unaweza kukipata kwa nusu au chini ya hapo.

Saa ya kuondoka ni saa kumi alfajiri. Ukitoka saa kumi unakuwa umemaliza milima yote gari likiwa halijateseka, na saa tatu asubuhi uko Vegas. Ubaya wake ni kwamba barabara inaelekea kaskazini mashariki, kwa hiyo kuanzia Barstow jua linachomoza usoni kwako, miwani ya jua iwe mkononi sio kwenye begi huko nyuma. Wengine wanapenda kwenda usiku kwa sababu ya ubaridi, mimi sikushauri ukiwa mwenyewe, barabara imenyooka mno, giza, malori, usingizi unakuja bila hodi.

Hatua ya 3: Gari, na hapa usiwe na haraka

Fanya ukaguzi wiki mbili kabla, sio siku mbili. Safari yangu ya pili nilipeleka gari gereji moja wakanihakikishia rejeta iko sawa, nikalipa, nikashukuru. Kwenye ule mlima baada ya Baker geji ya joto la injini ikaanza kupanda. Kumbe hozi ya juu ilikuwa imechoka, imelainika na inavujisha kidogokidogo, kitu ambacho ukiibinya kwa mkono injini ikiwa imepoa unakijua mwenyewe ndani ya dakika moja. Toka siku hiyo nabinya mwenyewe.

Angalia haya: kulanti iwe kwenye alama, oili, hozi zote, feni belti isiwe na nyufa. Betri ipimwe, joto ndo linaua betri kuliko baridi, na maduka mengi ya spea huku wanapima bure. Tairi usiangalie kashata tu, angalia na umri, ubavuni kuna namba baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, yani 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018, tairi ya umri huo hata kama bado nzuri kwa macho mimi siipeleki jangwani. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, jaza kama stika ya mlangoni kwa dereva inavyosema, na usije ukapunguza upepo eti kwa sababu ya joto, tairi yenye upepo mdogo ndo inayochemka na kupasuka. Spea iwepo na jeki ifanye kazi.

Kama gari lako lina mashaka, kodi. Uliza kama wanaruhusu kuvuka kwenda Nevada, piga video gari lote kabla hujaondoka nalo, na ukiwa chini ya miaka 25 jiandae kulipa nyongeza.

Hatua ya 4: Vya kubeba

Maji. Hifadhi ya Death Valley, ambayo ni jirani kabisa, wanashauri angalau galoni moja kwa mtu kwa siku, yani karibu lita nne. Mimi nabeba galoni tatu za kunywa na moja ya ziada kwa ajili ya gari. Watu wananiambia naongeza chumvi. Basi wasikie hili: tarehe 26 Julai 2024 lori lenye betri za lithiamu lilipinduka karibu na Baker, likawaka na likawa halizimiki kirahisi, upande wa kwenda Vegas ukafungwa zaidi ya siku moja, watu wakakwama humo kwenye joto, wana watoto, wana wazee, mafuta yanakata na AC inakata nayo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeamka siku hiyo akijua atakwama.

Weka deli dogo la barafu siti ya mbele, chupa mbili ziwe zimegandishwa. Kofia pana, nguo ya mikono mirefu nyepesi, kitambaa cha kufunikia usukani, maana usukani na kile chuma cha mkanda vinaunguza kweli. Pawabenki iliyojaa, tochi, waya za kubusti betri. Ramani idaunlodi kabisa iwe ofilaini, kuna vipande mtandao unapotea. Simu usiiache kwenye dashibodi, inazimika yenyewe kwa joto, na California kuishika mkononi ukiendesha ni faini, inunulie kishikio.

Hatua ya 5: Njia yenyewe

Jumla ni kama maili 270, kilomita 430 hivi. Toka mjini unatafuta I-15 halafu unapanda Cajon Pass, huo ndo mlima wa kwanza, unafika juu karibu futi 4,200. Kaa kulia na malori kama gari lako dogo, hamna anayekudai. Ukishavuka uko Victorville, na hewa inabadilika unaisikia puani.

Barstow ni karibu maili 115 toka Los Angeles na hapo ndo kituo changu kikubwa. Jaza mafuta, choo, tembea dakika kumi unyooshe mgongo, chai. Usiseme ntajaza mbele, Baker mafuta ni ghali sana kwa sababu wanajua huna pa kukimbilia. Mbele kidogo ya Barstow ni Yermo, ukiangalia kushoto utaona CALICO imeandikwa mlimani, huo ulikuwa mji wa migodi ya fedha ulioanzishwa 1881 halafu bei ya fedha ikaanguka watu wakauhama, sasa hivi ni sehemu ya watalii. Asubuhi mapema kunakuwa kumefungwa, kupitie siku ya kurudi kama una nguvu.

Barstow mpaka Baker ni maili 62 za ukame mtupu. Utapita kibao cha barabara yenye jina la ajabu, Zzyzx, kila mtu anataka kupiga picha, usisimame pembeni ya haiwei kwa ajili ya picha, tafadhali. Baker yenyewe ni mtaa mmoja tu wenye kipimajoto kikubwa cha futi 134. Hizo futi hazikuokotwa hewani, ni kumbukumbu ya nyuzi 134 za Fahrenheit zilizopimwa Death Valley tarehe 10 Julai 1913, yani 56.7 za Selsiasi, ndo rekodi inayotambulika ya dunia. Death Valley iko njia ya kaskazini kutokea hapohapo Baker na kuna kishawishi cha kusema ngoja nichungulie. Julai, peke yako, usiende. Mtandao hamna, magari ni machache, na ukiharibikiwa msaada unaweza kukaa masaa.

Sasa sikiliza vizuri. Kuanzia Baker kuna mpando mrefu, kisha Halloran Summit, unashuka, unapanda tena mpaka Mountain Pass zaidi ya futi 4,700. Utaona vibao vinakwambia zima AC gari lisichemke. Vitii. Zima AC, fungua dirisha, punguza mwendo, jicho kwenye geji. Ikianza kupanda, washa hita ile ya moto mpaka mwisho na feni kasi yote, najua ni mateso lakini inavuta joto toka kwenye injini, ndo iliyoniokoa ile siku ya hozi. Ikigoma, ingia njia ya kutokea iliyo karibu au pembeni kabisa penye nafasi, zima, inua boneti, na mfuniko wa rejeta usiuguse kwa angalau nusu saa, maji yanaruka yakiwa yanachemka yanababua uso. Ukikwama moja kwa moja, kaa na gari lako. Usianze kutembea kwa miguu kufuata taa unazoziona mbali, jangwani kitu cha maili kumi kinaonekana kama cha maili mbili, na gari ndo linaloonekana na polisi wa barabara, mtu hawamuoni.

Kuanzia Julai mpaka katikati ya Septemba kuna mvua za ghafla pia. Zinakuja mchana, dakika ishirini tu, na korongo lililokuwa kavu linakuwa mto. Maji yakiwa yanapita juu ya barabara geuza, hata yakiwa ya kifundo cha mguu. Na vumbi zito likikuziba macho, toka nje ya barabara kabisa, simama, zima taa zote na ondoa mguu kwenye breki, kwa sababu wa nyuma yako akiona taa nyekundu anadhani gari linatembea anakufuata anakugonga.

Ukishuka Mountain Pass unaona bonde jeupe na minara ya umeme wa jua ya Ivanpah, halafu mpaka wa Nevada, Primm. Zamani watu walikuwa wanapumzikia hapo, sasa hivi pamepoa, Whiskey Pete's ilifungwa Desemba 2024, kwa hiyo usipange chakula chako pale. Imebaki kama maili 40.

Hatua ya 6: Kufika na hoteli

Umefika saa tatu asubuhi, chumba unapewa saa tisa au saa kumi jioni. Usikae kwenye gari. Paki kwenye jengo la maegesho lenye kivuli, begi waachie mapokezi wanakuwekea kwa tipu ndogo, kapate chai. Hoteli nyingi za Strip, ule mtaa mkuu wa makasino, zinataka uwe na miaka 21 kuchukua chumba.

Bei usiangalie ile ya juu. Kuna ada ya rizoti inayoongezwa kila usiku, mara nyingi dola 35 mpaka 55, kuna kodi, na kuna maegesho. Toka Mei 2025 sheria ya serikali kuu inawataka waonyeshe bei yenye ada zote za lazima mapema, lakini wewe bado soma ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa. Dhamana wanayoizuia weka kwenye kadi ya krediti, ukiweka ya benki pesa yako halisi inafungwa inaweza kukaa siku kadhaa hujarudishiwa, na uko safarini.

Hatua ya 7: Kasino, na hapa nasema kwa uchungu

Nevada iliruhusu kamari 1931 na umri ni miaka 21. Nimeona kijana wa kwetu, mtu mzuri kabisa wa kazi mbili, amemaliza kodi ya nyumba ya miezi miwili kwa usiku mmoja, akakaa parkingi analia. Alikuwa peke yake. Kwa hiyo fanya hivi.

Pesa ya kucheza toa benki yako kabla hujaondoka, keshi, gawa kwenye bahasha kwa kila usiku wa kucheza. Tuseme dola 150, bahasha tatu za 50. Bahasha ya Jumatatu ikiisha saa mbili usiku, Jumatatu imeisha. Kadi zinakaa kwenye sefu ya chumbani, na ATM za ndani ya kasino ada yake ni kubwa. Hiyo 150 ihesabie kama tiketi ya mpira, umeshalipa haitarudi.

Halafu jua hesabu. Ruleti, ule mchezo wa gurudumu na kigololi, ya Kimarekani ina matundu 38, sifuri mbili, na kasino inabaki na wastani wa dola 5.26 kwenye kila 100 unazoweka. Yenye sifuri moja ni 2.70. Sasa wameleta na ya sifuri tatu, 7.69, kimbia. Blakijeki, ule mchezo wa karata wa kutafuta 21, soma maandishi kwenye kitambaa cha meza: yanayosema 3 kwa 2, ukiweka dola 10 ukapata blakijeki, yani karata mbili za kwanza zikafika 21, unalipwa 15, yanayosema 6 kwa 5 unalipwa 12. Meza zinafanana, taa zilezile, dada anayegawa karata mchangamfu vilevile, lakini hiyo ya pili inakukamua taratibu. Mashine za senti ndo mbaya kuliko zote kwa mfuko wako, kanuni za Nevada zinataka mashine irudishe angalau asilimia 75 kwa wastani, nyingi zinarudisha zaidi ya hapo, ila tatizo ni kasi. Ukibonyeza dola 1 mara 600 kwa saa na mashine inabaki na senti 10 kwa kila dola, saa moja imekula 60. Cheza polepole, simama kila nusu saa.

Vinywaji vya bure ukicheza vipo, mpe mhudumu dola moja au mbili. Lakini bure ile ndo inayofungua bahasha ya kesho, mimi naagiza maji na soda tu.

Wewe uliyekuja kwa viza ya kutembea, ushindi wa mashine mkubwa unakatwa kodi asilimia 30 papo hapo, wakati blakijeki na ruleti hazimo kwenye makato hayo. Na kwa wote ambao bado sio raia: bangi inauzwa dukani kihalali Nevada, lakini kwa sheria ya serikali kuu bado ni kosa, inaweza kukuharibia grinkadi au uraia. Usiguse, usipige nayo picha. Ukahaba nao watu wanadhani ni halali Vegas, sio, kaunti ya Clark ni kosa.

Hatua ya 8: Mchana ufanye nini

Toka nje kabla ya saa nne asubuhi au baada ya jua kuzama. Strip kwenye ramani inaonekana fupi, hoteli mbili jirani unaweza kutembea nusu saa kwenye lami inayowaka, panda basi la Deuce. Chemchemi za hoteli ya Bellagio ni bure na usiku zinapendeza mno. Fremont Street kule mji wa zamani ina hoteli ya Golden Gate ya 1906, na mimi napapenda kuliko Strip, pana watu wa kawaida.

Kama una siku nzima, panda Mount Charleston, ni chini ya saa moja kwa gari, ni milima yenye misonobari na unakuta hewa inayofanana na Lushoto, sikutegemea kabisa mara ya kwanza, nilikaa kwenye gogo masaa mawili. Bwawa la Hoover liko kama maili 35, nenda asubuhi. Chakula, tafuta mikahawa ya Wahabeshi, wako wengi sana Vegas, na madereva teksi wengi ni wao, injera na kitoweo utashiba kwa pesa ya kawaida.

Hatua ya 9: Upo peke yako, mtu ajue

Dada yangu yuko Minnesota, namtumia lokesheni ya simu muda wote na tuna makubaliano: nampigia Barstow, Baker, na nikifika. Nikichelewa masaa mawili bila habari anapiga 911 anawaambia gari, rangi na namba. Namba ya chumba usiitaje kwa sauti mapokezi wala kwa rafiki wa saa moja. Kinywaji chako ukikiacha usikirudie. Ukinywa hata kidogo usishike usukani, kesi ya kuendesha umelewa huku ni kubwa, na kwenye makaratasi ya uhamiaji inakufuata miaka.

Hatua ya 10: Kurudi

Usiku wa mwisho usicheze. Lala saa tatu, amka saa kumi, jaza mafuta Vegas maana ukishavuka kuingia California bei inapanda. Safari hii jua liko mgongoni, ni raha. Ukiingia California kuna kituo cha ukaguzi wa kilimo, wanaweza kukuuliza matunda na mimea, kwa hiyo yale machungwa yaliyobaki yamalizie hotelini. Kulanti na upepo angalia tena kabla ya kuondoka, gari likiwa la baridi. Na Cajon Pass unayoishuka sasa ni mteremko mrefu, weka gia ya chini, breki ziguse kwa vipindi, usizikalie, malori yapishe yakiwa mbali nawe, ukifika San Bernardino simama mara moja umpigie dada.